Je, Wajua? Nusu Saa Inayosubiriwa Mwaka Mzima

Katuni ya sikukuu ni kazi ndogo ukiitazama kwa saa ya ukutani. Kwa kawaida inapewa nusu saa ya televisheni, na ukiondoa matangazo zinabaki dakika 25 hivi. Lakini sekunde moja ya filamu inakula picha 24, kwa hiyo hizo dakika 25 ni picha 36,000, zote kwa ajili ya kipindi kitakachoonyeshwa mara moja kisha kirudi kabatini hadi mwakani. Hesabu hiyo haimvutii mfanyabiashara. Ndiyo maana nyingi kati ya katuni hizi zilitengenezwa mbio mbio, kwa fedha za kubangaiza, na wakubwa walioziona mara ya kwanza walikunja uso. Soma visa vifuatavyo uone ni mara ngapi kitu ambacho mkubwa fulani alitaka kikatwe ndicho watoto walichokishika.

Kulungu aliyezaliwa dukani

Je, wajua kwamba Rudolph, yule kulungu wa pua nyekundu anayeongoza msafara wa Baba Krismasi, alianza maisha kama tangazo la biashara? Mwaka 1939 kampuni ya maduka ya Montgomery Ward ya Chicago ilichoka kununua vijitabu vya kugawia watoto wakati wa Krismasi. Ikaona nafuu kuchapisha chake yenyewe, ikamwagiza mwandishi wake wa matangazo, Robert L. May, abuni hadithi ya mnyama. May alikuwa na madeni, na mkewe Evelyn alikuwa mahututi kwa saratani. Alijaribu jina la Rollo, akajaribu Reginald, mwisho akatua kwenye Rudolph.

Bosi wake hakuipenda ile pua. Kwa Wamarekani wa siku zile pua nyekundu ilimaanisha mlevi, na duka la familia halikutaka kuuza ulevi kwa watoto. May hakubishana. Alimchukua mchoraji Denver Gillen wakaenda bustani ya wanyama ya Lincoln Park, wakarudi na michoro ya kulungu mdogo mwenye sura ya kupendeza, na bosi akalegea. Evelyn alifariki Julai mwaka huo. May aliambiwa amwachie mwingine kazi, akakataa, akaimaliza mwenyewe. Msimu ule viligawiwa vijitabu milioni 2.4.

Mwaka 1947 kampuni ilimwachia May hakimiliki ya hadithi. Shemeji yake, Johnny Marks, akaitungia wimbo, na Gene Autry akauimba mwaka 1949. Marks alikuwa Myahudi, na ndiye huyo huyo aliyetunga nyimbo nyingine kadhaa ambazo Wamarekani hawawezi kufanya Krismasi bila kuzisikia.

Krismasi ya Marekani, mikono ya Tokyo

Filamu ya televisheni ya Rudolph ilitoka tarehe 6 Desemba 1964 kupitia stesheni ya NBC, mdhamini akiwa General Electric. Watayarishaji, Arthur Rankin na Jules Bass, walikuwa New York. Sauti zilirekodiwa Toronto, Kanada, ambako waigizaji wa michezo ya redio walikuwa bado wengi na hodari. Vikaragosi vyenyewe, vya mbao, waya, ngozi na kitambaa, vilipigwa picha Tokyo, katika studio ya Tadahito Mochinaga.

Kazi yenyewe inataka subira ya mvuvi wa mshipi. Fundi anasogeza mguu wa kikaragosi kiasi cha kutoonekana, anapiga picha moja, anausogeza tena, anapiga nyingine. Siku nzima ya kazi inaweza kuzaa sekunde chache tu. Kabla ya kuanza, Mochinaga aliwapeleka mafundi wake Nara, mji wa kale ambako kulungu huzurura huru karibu na mahekalu, wajifunze mnyama anavyotembea na anavyogeuza shingo. Kulungu wa Nara si wa nchi za barafu, na Baba Krismasi hawajui. Lakini mwendo wa Rudolph ulitoka huko.

Mochinaga mwenyewe anastahili filamu yake. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili alikuwa Manchuria. Vita vilipokwisha alibaki Uchina, akashiriki kutengeneza mojawapo ya filamu za kwanza za vikaragosi za nchi hiyo mwaka 1947, na akasaidia kuweka misingi ya studio ya katuni iliyokuja kuwa maarufu ya Shanghai. Kisha akarudi kwao Japani, na baadaye studio yake ikawa inashona ndevu za Baba Krismasi kwa nywele za yaki.

Mwaka 1164

Je, wajua kwamba filamu hiyo ina kosa la hakimiliki lisilofichika? Mwaka uliandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na aliyeandika aliruka herufi moja. Badala ya MCMLXIV pakasomeka MCLXIV, yaani 1164. Mwaka huo hata jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa lilikuwa bado kujengwa.

Sauti ya Rudolph

Ni ya mwanamke. Billie Mae Richards ndiye aliyemwigiza, ila kwenye orodha ya majina aliandikwa Billy, na watazamaji wakadhani ni mvulana.

Midoli iliyoachwa kisiwani

Katika safari yake Rudolph anafika Kisiwa cha Midoli Iliyokataliwa. Kuna garimoshi lenye magurudumu ya mraba, kuna tembo wa madoadoa, kuna bastola ya maji inayorusha jeli. Rudolph anaahidi kumwambia Baba Krismasi aje kuichukua. Katika filamu ya 1964, ahadi hiyo inaishia hewani: Baba Krismasi anaruka na zawadi zake, filamu inakwisha, na midoli imebaki pale pale.

Watu wazima waliotengeneza filamu hawakuona tatizo. Watazamaji waliona. Barua za malalamiko zilimiminika, na kwa maonyesho ya 1965 watayarishaji wakalazimika kuongeza onyesho la Baba Krismasi akisimamisha sleji yake kisiwani. Naona hiyo ni mojawapo ya hoja nzuri kabisa kuwahi kutolewa na hadhira: umeahidi, timiza.

Ila muda wa televisheni haukunjuki. Ili kupata nafasi ilibidi kingine kikatwe, na panga likamwangukia mchimba madini Yukon Cornelius. Filamu nzima anatupa sururu chini, anailamba ncha, anatikisa kichwa. Kumbe alikuwa akitafuta mgodi wa peremende, na onyesho lililofafanua hilo ndilo lililoondolewa. Vizazi kadhaa vya watoto wa Marekani vilikua vikijiuliza kwa nini mzee yule analamba chuma.

Vikaragosi viwili vya awali, Rudolph na Baba Krismasi, vilipewa karani wa ofisi, vikakaa na familia miaka mingi, watoto wakavichezea. Mwaka 2020 viliuzwa mnadani kwa dola 368,000, na sasa vimo katika jumba la makumbusho ya vikaragosi mjini Atlanta.

Na kulungu wa kweli je?

Madume ya kulungu wa nchi za barafu hudondosha pembe zao kufikia mwanzoni mwa majira ya baridi. Majike hubaki nazo hadi karibu na kuzaa. Kwa hiyo timu ya Baba Krismasi, ambayo kila mchoraji huiwekea mapembe tarehe 24 Desemba, huenda ni ya majike matupu. Kuhusu pua: mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi na Norwei walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ, toleo lake la mzaha wa Krismasi lakini kwa vipimo vya kweli, kwamba mishipa midogo ya damu ndani ya pua ya mnyama huyo imesongamana zaidi kwa asilimia 25 kuliko ya binadamu. Damu hiyo yote huizuia pua isigande. May hakuyajua hayo, lakini hakukosea sana.

Mti mnyonge wa Charlie Brown

Je, wajua kwamba katuni ya Krismasi inayoheshimiwa kuliko zote Marekani iliuzwa kabla haijawazwa? Mtayarishaji Lee Mendelson alikuwa ametengeneza filamu juu ya Charles Schulz, mchoraji wa katuni za Peanuts zenye mvulana Charlie Brown, na hakuna stesheni iliyoitaka. Mwaka 1965 akapigiwa simu na wakala wa matangazo wa Coca-Cola: je, yeye na Schulz wamewahi kufikiria kipindi cha Krismasi? Mendelson akajibu bila kupepesa kwamba ndiyo, bila shaka. Kisha akampigia Schulz kumpa habari kwamba wameuza kipindi, na kwamba inabidi wakiandike kesho. Walikuwa na miezi sita hivi.

Haraka hiyo ndiyo iliyoipa filamu sura yake. Badala ya watu wazima kuigiza sauti za watoto, kama ilivyokuwa desturi, walichukuliwa watoto wenyewe. Kathy Steinberg, aliyeigiza mhusika Sally, alikuwa mdogo kiasi kwamba hajui kusoma, hivyo alitamkiwa maneno kipande kwa kipande, naye akayarudia. Ukisikiliza vizuri utasikia viungo vya sentensi vilipounganishwa. Snoopy, mbwa asiyesema, alipewa sauti na mwongozaji Bill Melendez, mzaliwa wa Hermosillo, Meksiko. Melendez alijirekodi akibwabwaja maneno yasiyo na maana, kisha akaiharakisha kanda.

Muziki ni jazi. Mendelson alimsikia mpiga piano Vince Guaraldi kwenye redio ya teksi akivuka daraja la Golden Gate, akamtafuta. Wimbo wa kufungulia ulipokosa maneno, Mendelson alikaa akayaandika nyuma ya bahasha kwa robo saa hivi, na wanakwaya watoto wa kanisa moja la San Rafael wakauimba. Hawakuimba kwa usahihi wa kitaalamu. Sauti zao zinapwaya kidogo mwishoni mwa mistari, na mtu yeyote aliyewahi kusimama katika kwaya ya watoto mkesha wa Krismasi, iwe Moshi au Kakamega, anaijua sauti hiyo.

Wakubwa wa stesheni ya CBS walipoiona walisononeka. Waliona inakwenda polepole. Jazi kwa watoto? Mbona hakuna vicheko vya kubandika, vile vinavyomwelekeza mtazamaji wapi acheke? Na kibaya zaidi, katikati ya katuni mtoto anasimama jukwaani na kusoma habari ya kuzaliwa Yesu kutoka Injili ya Luka, sura ya pili, karibu dakika nzima. Hata Mendelson na Melendez walisita juu ya hilo, ila Schulz hakurudi nyuma. Kipindi kilionyeshwa tarehe 9 Desemba 1965 kwa sababu tu kilikuwa kimeshatangazwa kwenye ratiba. Nyumba takriban milioni 15 zilikitazama, karibu nusu ya televisheni zote zilizokuwa zimewashwa saa ile. Kikapata tuzo ya Emmy na ya Peabody.

Kisa chenyewe kinamhusu Charlie Brown, mvulana mwenye huzuni asiyejua kwa nini ana huzuni wakati wote wamefurahi. Anatumwa kununua mti mkubwa wa alumini, anarudi na kijiti cha msonobari kinachodondosha majani. Watu wengi husema kwamba ni filamu hiyo iliyoiua miti ya alumini, ambayo ilikuwa fasheni kubwa Marekani na ikatoweka madukani ndani ya miaka michache. Mimi naona fasheni ile ingejifia tu. Lakini inafurahisha kukumbuka kwamba malalamiko makali kiasi hicho dhidi ya Krismasi ya biashara yalilipiwa na Coca-Cola. Katika nakala ya kwanza kabisa, watoto wanateleza barafuni mwanzoni mwa filamu, na mmoja anarushwa hadi kujibamiza kwenye bango la mdhamini. Onyesho hilo lilikatwa baadaye, na hakuna aliyelililia.

Benki zilizomlipia mwizi

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Desemba 1966, CBS ikaonyesha *How the Grinch Stole Christmas!* Ni kisa cha kiumbe mwenye roho mbaya anayeiba zawadi, vyakula na mapambo yote ya kijiji akidhani ameiba Krismasi yenyewe. Kukipambazuka anasikia wanakijiji wakiimba hivyo hivyo, mikono mitupu. Waliodhamini kisa hiki cha kudharau mali walikuwa umoja wa mabenki ya biashara. Mwongozaji Chuck Jones hakuacha kulishangaa jambo hilo.

Katika kitabu cha mwandishi Dr. Seuss cha 1957, kilichozaa filamu hii, Grinch hana rangi ya kijani, kwani michoro ni nyeusi na nyeupe na wekundu kidogo. Kijani aliletewa na Jones, ambaye baadaye alieleza kwamba aliitoa kwenye magari mabaya ya kukodi aliyokuwa akiendesha. Leo huwezi kumuuza Grinch wa rangi nyingine. Kingine alichokikuza Jones ni nafasi ya mbwa Max. Kitabu chote kinasomeka kwa sauti kwa dakika kumi na mbili hivi, nusu ya muda uliohitajika, kwa hiyo mbwa yule mnyonge anayefungwa pembe kichwani alipewa kazi ya kujaza nafasi. Kwa maoni yangu ndiye nyota wa filamu. Hasemi neno, na kila anachofikiria juu ya bosi wake kinaonekana usoni.

Msimulizi alikuwa Boris Karloff, mzee wa karibu miaka 80 aliyepata jina mwaka 1931 kwa kuigiza zimwi la Frankenstein. Lakini wimbo maarufu wa kumtukana Grinch hakuuimba yeye. Aliuimba Thurl Ravenscroft, mwenye sauti nzito ya kutikisa vyombo, na watu wa studio wakasahau kuandika jina lake. Dr. Seuss aliaibika, akawaandikia waandishi wa magazeti kusahihisha. Hadi leo wapo wanaoapa kwamba ni Karloff.

Mafupi mafupi

Katuni ya kwanza ya Krismasi kutengenezwa mahususi kwa televisheni ya Marekani ni *Mister Magoo's Christmas Carol*, tarehe 18 Desemba 1962. Mzee Magoo, asiyeona mbali, anaigiza bahili Scrooge.

Mtu wa theluji Frosty, aliyeonekana mara ya kwanza televisheni ya CBS mwaka 1969 katika kipindi chake mwenyewe, alichorwa kwa sehemu kubwa Japani, katika studio aliyoianzisha Osamu Tezuka, baba wa katuni za Kijapani za sasa.

Katika Umoja wa Kisovyeti Krismasi haikuwa sikukuu ya serikali, na mti wa majani mabichi ulihamishiwa Mwaka Mpya. Basi katuni nazo zikahama. Katika filamu moja ya studio ya Soyuzmultfilm ya 1955, watoto wanamtuma mtu wa theluji apeleke barua kwa Babu Baridi, Baba Krismasi wa huko, kuomba mti. Anasindikizwa na mbwa mdogo, na njiani mbweha na mbwa mwitu wanaiwinda barua.

Filamu isiyosema

Je, wajua kwamba mojawapo ya katuni za Krismasi zinazopendwa zaidi Uingereza haina mazungumzo hata kidogo? *The Snowman* ilionyeshwa tarehe 26 Desemba 1982 na Channel 4, stesheni iliyokuwa na umri usiofika miezi miwili. Ilitokana na kitabu cha Raymond Briggs cha 1978, nacho hakina maneno ndani yake. Mvulana anatengeneza mtu wa theluji, usiku mtu huyo anapata uhai, wanatembea nyumbani, wanaruka angani, na asubuhi jua linatoka.

Filamu haikuchorwa kwa mistari safi ya wino. Dianne Jackson na wachoraji wake waliichora kwa penseli za rangi na chaki, picha kwa picha, ili ibaki na ule ukungu wa kurasa za Briggs. Ndiyo maana kila kitu kinatetemeka kidogo, hata ukuta uliosimama. Wanaporuka wanapita juu ya gati na jumba la kifalme la Brighton, kwa kuwa Briggs aliishi jirani, Sussex. Safari ya kwa Baba Krismasi ilibuniwa na watengenezaji wa filamu. Katika kitabu hayumo, na Briggs hakuwa na ushabiki na Krismasi.

Wimbo pekee wa filamu uliimbwa na Peter Auty, mwanakwaya wa Kanisa Kuu la St Paul's, naye pia jina lake halikuandikwa. Wimbo ulipohitajika tena mwaka 1985 kwa tangazo la duka, Auty alikuwa ameshabalehe na sauti imevunjika. Ukaimbwa na Aled Jones, ukafika nafasi ya tano katika chati za Uingereza, na sifa zote zikaenda kwake.

Kuhusu mwisho, mtu wa theluji anayeyuka. Harudi. Briggs alikuwa akieleza wazi kwamba hakukusudia kuliwaza mtu: vitu hufa, wazazi hufa, na mtoto anayemiliki sungura atalijua hilo mapema. Wazazi wa Kiingereza wamekuwa wakiwafuta watoto machozi kila Desemba tangu hapo, na Desemba inayofuata wanaiwasha tena.

Saa tisa alasiri, Sweden nzima imekaa

Tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, Sweden husimama kumtazama Donald Duck. Kipindi ni mkusanyiko wa vipande vya katuni za Disney uliotengenezwa Marekani mwaka 1958. Wamarekani wamekisahau. Waswidi wamekitazama kila mwaka kwa zaidi ya miaka sitini, wengi wakiwa wamekariri kila neno, na watazamaji zaidi ya milioni tatu ni jambo la kawaida katika nchi ya watu milioni kumi.

Sababu yake si fumbo. Hadi mwisho wa mwaka 1969 Sweden ilikuwa na chaneli moja tu, ya umma, na wakuu wake hawakupenda katuni za kibiashara. Mkesha wa Krismasi ulikuwa nafasi adimu ya mtoto kumwona Donald nyumbani. Njaa hiyo ya mwaka mzima ndiyo iliyokifanya kipindi kuwa ibada. Miaka ya 1970 ilipotolewa rai ya kukifuta, wananchi walikuja juu. Mwaka 1982 kipande cha fahali Ferdinand, yule anayependa kunusa maua kuliko kupigana, kilibadilishwa na kingine, na zogo likawa kubwa hadi Ferdinand akarudishwa.

Mabadiliko mengine yalihitajika kweli. Ndani ya mkusanyiko huo mna kipande cha 1932 cha karakana ya Baba Krismasi, na humo mlikuwa na mdoli mweusi aliyechorwa kwa kejeli za kibaguzi. Mwaka 2012 Disney iliagiza sehemu yenye mdoli huyo iondolewe. Mjadala uliozuka Sweden ulikuwa mkali, na wako waliolalamika kwamba wameibiwa utoto wao. Mimi nisingemlilia mdoli yule.

Theluji ya Cape Town

Je, wajua kwamba baadhi ya katuni ambazo familia za Uingereza hutazama BBC siku ya Krismasi zilitengenezwa Afrika? *Stick Man*, kisa cha kijiti chenye mke na watoto kinachopotea kwao na kuhangaika hadi karibu kitupwe motoni, kilionyeshwa tarehe 25 Desemba 2015. Kampuni ya London ya Magic Light ndiyo iliyoagiza, lakini kazi ya kuhuisha picha ilifanywa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. *The Highway Rat* ya 2017 na *Zog* ya 2018 nazo zilipitia mikono hiyo hiyo.

Cape Town mwezi Desemba ni jua na ufuko wa bahari, kama ilivyo Krismasi kwetu Mombasa au Tanga. Vijana wale walikaa katika joto wakikokotoa jinsi theluji inavyoshuka juu ya kijiti kilicholala. Studio hiyo hiyo baadaye iliwakusanya waongozaji wa Kiafrika, akiwemo Mkenya Ng'endo Mukii, kwa mfululizo wa *Kizazi Moto* uliotoka Disney+ mwaka 2023.

Na Ramadhani?

Yeyote anayedhani mtindo huu ni wa Krismasi pekee hajawahi kukaa na watoto wa Kiarabu kabla ya futari. Misri walikuwa na *Bakkar*, mtoto wa Kinubi wa kusini mwa nchi na mbuzi wake Rashida, aliyeanza kuonekana mwaka 1998. Muumba wake, Mona Abul-Nasr, alimchagua kwa makusudi mtoto mweusi wa kijijini awe kipenzi cha taifa zima, katika nchi ambayo televisheni yake ilizoea nyuso za Kairo. Wimbo wa kipindi aliuimba Mohamed Mounir, mwenye asili ya Nubia naye. Kwa Wamisri wa kizazi hicho, sauti hiyo ikisikika ilimaanisha adhana ya magharibi i karibu.

Dubai wana *Freej*, iliyoanza Ramadhani ya mwaka 2006. Mashujaa wake ni mabibi wanne wanaoishi mtaa wa zamani huku maghorofa yakiota pande zote. Wamevaa barakoa za rangi ya dhahabu, kama walizovaa mabibi wa Kiomani wa Unguja zamani, na wanasengenya kila kitu wakinywa kahawa. Mohammed Saeed Harib aliwabuni akiwa mwanafunzi Boston. Mabibi hao si wapole hata kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo.

Ila ninaowapenda zaidi ni mapacha wa Kimalesia, *Upin & Ipin*. Mwaka 2007 kampuni changa ya Les' Copaque ilitengeneza vipande sita vifupi tu vya Ramadhani na Idi, iwaeleze watoto maana ya kufunga huku ikijaribu mitambo yake kabla ya filamu kubwa. Mapacha wana miaka mitano, ni yatima, na wanalelewa na bibi yao Opah na dada yao mkubwa Ros, mkali kama dada wakubwa wote. Kipande cha kwanza wanaambiwa kesho ni saumu. Wanachokisikia ni kwamba kesho hakuna chakula cha mchana, na swali lao la kwanza ni kwa nini. Kisha wanavumilia, wanatamani, wanakwenda tarawehe, na Idi inapofika wanapita nyumba kwa nyumba na marafiki kukusanya fedha za sikukuu kwa wakubwa, kama watoto wa kwetu wanaodai mkono wa Idi.

Vipande sita vikawa mfululizo mrefu unaoendelea hadi leo, ukipendwa Indonesia pengine kuliko kwao. Kuwatofautisha mapacha si kazi ngumu. Upin ana unywele mmoja umesimama utosini. Ipin hana hata huo.